Kusoma kriminolojia chuo kikuu: mwongozo kwa mwanafunzi wa Kenya

Kriminolojia, yaani taaluma ya uhalifu, inashughulika na vitu vitatu ambavyo mtaani huhesabiwa kuwa kimoja: kosa lililotendeka, kosa lililoandikwa, na mtu aliyekamatwa. Simu ikinyakuliwa Gikomba, kosa limetendeka. Mwenye simu akienda kituoni na tukio likaingia kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi), kosa limeandikwa. Kijana akisimama kizimbani, kuna aliyekamatwa. Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu makosa mengi hudondoka njiani, na hayadondoki ovyo: kuna aina za makosa, mitaa na watu ambao hudondoka zaidi kuliko wengine. Anayejifunza kutenganisha vitu hivyo vitatu tangu muhula wa kwanza hupata faida katika kila somo litakalofuata. Anayevichanganya huandika mradi mzima juu ya wafungwa akidhani ameandika juu ya wahalifu.

Kabla ya kuchagua kozi

Shahada ya kwanza huchukua miaka minne, na alama ya wastani ya C+ katika KCSE ndiyo mlango wa kuingilia shahada nchini. Jina la kozi halitoshi kukuongoza. Vyuo huiita kriminolojia, kriminolojia na masomo ya usalama, au kriminolojia na haki ya jinai, na ndani yake mna tofauti kubwa. Omba orodha ya masomo ya miaka yote minne na utafute mambo manne: takwimu, mbinu za utafiti, sheria ya jinai, na mafunzo ya nyanjani. Kozi isiyo na takwimu za kutosha itakuacha ukitegemea maoni. Kozi iliyojaa usimamizi wa ulinzi ni halali kabisa, ila inakuandaa kwa kazi za usalama wa kampuni zaidi kuliko kuchunguza tabia ya mhalifu.

Uwe mkweli pia kuhusu kazi unayoitaka. Anayetaka kupima chembe za DNA asome biolojia, kemia au sayansi ya uchunguzi wa kimaabara. Anayetaka kutetea watu mahakamani asome shahada ya sheria kisha aende Kenya School of Law. Anayetaka kuwa mpelelezi wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) ajue kwamba njia hiyo hupitia Huduma ya Kitaifa ya Polisi na mafunzo yake. Shahada pekee haimpi mtu kitambulisho cha kazi. Kriminolojia inafaa zaidi kwa kazi za urekebishaji na uangalizi wa wahalifu (maafisa wa probesheni), magereza, idara za watoto, mashirika ya haki, utafiti wa sera, na uchunguzi wa ulaghai katika benki na bima.

Anza na sheria

Wanafunzi wengi hurukia saikolojia ya wauaji kabla ya kujua kosa ni nini kisheria. Weka kando wiki mbili za mwanzo usome Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, taratibu na ukiwa na kalamu mkononi. Kifungu cha 268 kinafafanua wizi. Kifungu cha 295 kinafafanua unyang'anyi, yaani wizi unaoambatana na nguvu au tishio la nguvu. Kifungu cha 296(2) ndicho cha wizi wa mabavu, na hapo soma kwa makini: inatosha mshtakiwa awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja au zaidi, au amjeruhi au kumpiga mtu. Sharti moja kati ya hayo linatosha.

Kwa hiyo vijana wawili wasio na hata kisu wanaomtishia mtu na kumpokonya simu wanaweza kushtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Simu hiyo hiyo, karani au polisi mwingine angeweza kuiandika kama wizi wa kawaida, au wizi kutoka mwilini mwa mtu. Ukiona jedwali linasema wizi wa mabavu umepanda mwaka fulani, jiulize kwanza kama vitendo ndivyo vilivyoongezeka au ni namna ya kuviandika iliyobadilika.

Umri nao una mtego wake. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12. Anayelinganisha idadi ya watoto walioshtakiwa mwaka 2018 na ile ya 2024 bila kutaja badiliko hilo analinganisha vipimo viwili tofauti.

Zoezi linalofaa: kila wiki chukua hukumu tatu kutoka tovuti ya Kenya Law, ambayo ni ya bure. Katika daftari andika shtaka, mahali, saa, uhusiano wa mshtakiwa na mwathiriwa, ushahidi uliomtia hatiani, na sababu alizotoa hakimu au jaji katika kupanga adhabu. Baada ya muhula mmoja utakuwa na kesi kama 40, na utaanza kuona mambo ambayo mihadhara haikuambii, kwa mfano jinsi kesi nyingi zinavyosimama au kuanguka kwa suala la utambuzi wa mshtakiwa usiku. Kumbuka tu kwamba hukumu za Mahakama Kuu nyingi ni za rufaa. Waliokiri kosa na kuridhika na kifungo hawamo.

Nenda pia mahakamani mwenyewe, asubuhi ya siku ya kusomewa mashtaka. Kesi nyingi husikilizwa hadharani. Zima simu, usirekodi, keti nyuma, na hesabu: washtakiwa wangapi wana wakili, wangapi wanapewa dhamana, na wangapi wanarudi rumande kwa kukosa pesa ya kuilipa.

Nadharia: zitie kwenye kosa moja

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi hukariri majina na miaka, kisha kwenye mtihani anamwaga orodha: Beccaria 1764, Lombroso 1876, Merton 1938, Hirschi 1969. Orodha haipati alama za juu, na haifundishi kitu. Njia bora ni kuchagua kosa moja unalolijua na kuliuliza kila nadharia maswali mawili: wewe unalielezaje, na nikiona nini nitajua umekosea?

Tuchukue wizi wa pikipiki za bodaboda.

Cohen na Felson mwaka 1979 walisema kosa la aina hii huhitaji mambo matatu yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kulitenda, kitu kinachofaa kuibwa, na ukosefu wa mlinzi anayeweza kuzuia. Mlinzi hapa si lazima awe askari. Mama muuza chai anayetazama steji usiku kucha ni mlinzi. Kama nadharia hii ni sahihi, wizi utajikusanya katika saa na maeneo machache, na steji yenye watu wa kudumu itaibiwa mara chache kuliko steji ya namna hiyo hiyo isiyo na watu. Ukikuta wizi umesambaa sawasawa mchana na usiku, kwenye watu na kusiko watu, nadharia imepata taabu.

Merton angeangalia pengo kati ya lengo ambalo jamii inamsukuma kijana alifikie na njia halali alizo nazo. Ugumu wake unaujua hata bila kitabu: vijana wengi maskini hawaibi. Basi usiishie kuandika "umaskini husababisha uhalifu". Utafiti mmoja wa hapa karibu unafaa kusomwa kwa makini. Clinard na Abbott walilinganisha mitaa miwili ya hali duni mjini Kampala, Kisenyi na Namuwongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1973. Yote miwili ilikuwa maskini, lakini uhalifu haukulingana. Tofauti waliyoiona ilikuwa katika mshikamano wa wakazi, kutembeleana, kushiriki vikundi vya mtaa, na uthabiti wa familia. Ni mfano mzuri wa kulinganisha mahali ambapo umaskini ni sawa ili uone kingine kinachobadilika.

Sutherland angeuliza: huyu kijana alifundishwa na nani kuwasha pikipiki bila ufunguo, na nani hununua vipuri anavyouza? Uhalifu kwake hufunzwa miongoni mwa watu wa karibu, mbinu pamoja na sababu za kuuhalalisha. Sykes na Matza, mwaka 1957, walizichambua sababu hizo wakapata namna tano za kujitakasa: kukana dhima, kukana madhara, kumkana mwathiriwa, kuwashutumu wanaokushutumu, na kudai utiifu kwa kundi lako. "Mwenye pikipiki ana bima, hajapoteza kitu" ni kukana madhara, neno kwa neno.

Becker naye, mwaka 1963, anakupeleka kwenye kinachotokea baada ya kukamatwa. Kijana mwenye rekodi anaomba cheti cha tabia njema kutoka DCI, rekodi inatokea, ajira inafungwa, na jina la mwizi linamganda. Ili kuipima hoja hii unahitaji kuwafuata watu kwa muda, si kuwahoji mara moja.

Nadharia moja ambayo lazima uielewe kwa tarakimu ni ile ya mkusanyiko wa uhalifu. Wolfgang na wenzake walifuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia, Marekani. Wavulana 627, takriban asilimia 6, ndio waliohusika na zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa ya kundi lile. Moffitt mwaka 1993 akatofautisha wachache wanaoendelea na uhalifu maisha yao yote na wengi wanaouacha wakishavuka ujana. Ukizielewa kazi hizi mbili hutaandika tena kwamba "vijana ni wahalifu". Na usisahau neno "yaliyorekodiwa": hata Philadelphia, kilichohesabiwa ni mafaili ya polisi.

Takwimu za uhalifu na jinsi zinavyodanganya

Vyanzo vyako vikuu ni ripoti za mwaka za Huduma ya Kitaifa ya Polisi, sura ya utawala katika Economic Survey ya KNBS (shirika la takwimu la taifa), na machapisho ya Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Ukipata idadi, igeuze kuwa kiwango kabla ya kusema lolote:

idadi ya matukio ÷ idadi ya watu × 100,000

Tumia sensa ya 2019 au makadirio ya KNBS ya mwaka unaouchunguza. Sasa tazama kinachotokea kaunti ikiwa ndogo. Lamu ilikuwa na watu 143,920. Tuseme mauaji yametoka 3 hadi 6 kwa mwaka: kiwango kinaruka kutoka 2.1 hadi 4.2, na gazeti litaandika kwamba mauaji yameongezeka maradufu. Mauaji 3 zaidi katika Nairobi yenye watu 4,397,073 hayafikii hata 0.1. Kwa kaunti ndogo, jumlisha miaka mitatu au mitano kisha utafute wastani.

Kigawanyo chenyewe kinaweza kukosea. Katikati ya jiji la Nairobi wanalala watu wachache na wanapita wengi mno. Ukigawa wizi wa mifukoni kwa idadi ya wakazi utapata kiwango cha kutisha ambacho hakina maana. Kigawanyo kinachofaa ni wapita njia.

Makosa hutofautiana sana katika kuripotiwa, na ukijua sababu utajua la kuamini. Mauaji huacha maiti. Gari likiibwa, kampuni ya bima hudai abstrakti ya polisi, kwa hiyo mwenyewe ataripoti hata kama hana tumaini la kulipata. Aliyeibiwa pochi anaweza kuripoti kwamba kitambulisho kimepotea tu, kwa kuwa anachohitaji ni karatasi ya kupatia kingine, na wizi huo hauonekani popote. Ukatili wa nyumbani huathiriwa na mengi: aibu, umbali, gharama, na kama mwathiriwa alipewa fomu ya P3 (ya polisi ya kurekodi majeraha) na ikajazwa hospitalini. Dawati la jinsia likifunguliwa kituoni na likahudumu vizuri, idadi hupanda. Kupanda huko kunaweza kuwa habari njema. Ili kujua, linganisha na chanzo kisichopitia polisi, kama vile utafiti wa afya ya kaya wa 2022, uliouliza kuhusu ukatili moja kwa moja.

Mradi wa utafiti

Mada pana ndiyo ugonjwa mkuu. "Sababu za uhalifu miongoni mwa vijana Nairobi" haiwezi kujibiwa kwa miezi minne na mfuko wa mwanafunzi. Ikate hadi ibaki na kosa moja, mahali pamoja, kipindi kimoja na uhusiano mmoja: "Uwepo wa walinzi wa usiku na wizi wa pikipiki katika steji 12 za Mathare, kwa mujibu wa kumbukumbu za viongozi wa steji, Januari hadi Desemba." Hii unaweza kuimaliza.

Kosa la pili ni kuwahoji wafungwa peke yao. Tuseme wafungwa 40 kati ya 100 walilelewa na mzazi mmoja. Umegundua nini? Bado hakuna. Huenda vijana 40 kati ya 100 wa mitaa ile ile na umri ule ule, wasiowahi kushikwa, nao walilelewa hivyo. Bila kundi la kulinganisha huwezi kutaja chanzo. Isitoshe, waliomo gerezani ni waliokamatwa, wakashtakiwa na wakafungwa, na humo wasiomudu wakili au faini ni wengi kuliko wanavyopaswa kuwa. Kama huwezi kupata kundi la kulinganisha, badilisha swali: uliza wafungwa wanavyoeleza uamuzi wao au wanavyojiandaa kutoka. Hayo wanaweza kukujibu.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, wengi hunakili fomula ya Yamane: n = N ÷ (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli, N ni idadi ya watu wote na e ni kosa unalokubali. Kwa watu 600 na kosa la 0.05 unapata 600 ÷ 2.5 = 240. Hesabu ni sawa, lakini fomula hudhani umewachagua watu hao kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Ukiwachukua 240 waliokuwa wamekaa karibu na lango, tarakimu hiyo haikulindi. Na kama utafiti wako ni wa mahojiano ya kina, achana na fomula kabisa. Watu 15 hadi 25 waliochaguliwa kwa sababu inayoeleweka watakupa zaidi.

Vibali hufuatana, na hairuhusiwi kuruka: msimamizi aidhinishe pendekezo, kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) ikupe cheti, uombe leseni ya NACOSTI mtandaoni, ujitambulishe kwa ofisi ya kamishna wa kaunti na ya elimu ya kaunti, kisha uombe taasisi yenyewe. Kwa gereza, barua huenda makao makuu ya Huduma ya Magereza, na afisa msimamizi wa gereza husika hupanga siku. Anza miezi minne kabla. Pendekezo lisiloambatanishwa na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili linaweza kukuchelewesha. Na ukitaka kuwahoji watu wa chini ya miaka 18, tegemea maswali mengi zaidi na hitaji la ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kuketi na mfungwa

Mtafiti nchini Kenya hana kinga ya siri aliyonayo wakili kwa mteja wake. Mahakama inaweza kutaka daftari lako. Kwa hiyo, kabla ya swali la kwanza, mwambie mhojiwa wazi: usinitajie jina la mtu, tarehe wala mahali pa kosa ambalo halijafika mahakamani; na ukinieleza kwamba mtoto yuko hatarini sasa hivi, sitaweza kunyamaza. Mahabusu ambaye kesi yake inaendelea usimguse kabisa kuhusu tukio analoshtakiwa. Sema pia kwamba huwezi kumsaidia kupunguziwa kifungo. Usiposema, atakujibu anachodhani kitamsaidia.

Usianze na "kwa nini uliiba?" Swali hilo huleta utetezi au toba. Anza na "nieleze siku ile ilivyoanza", umfuate saa baada ya saa: alikuwa na nani, alikuwa amekula, amelewa, alifikaje pale, alisita wapi. Tabia huonekana katika mfuatano. Ikiwa unachunguza namna za kujitakasa, "kwa nini" iache mwisho.

Kinasa sauti mara nyingi hakiruhusiwi, na askari atakuwa karibu. Ketini anapowaona lakini hasikii vizuri. Mahojiano yasizidi dakika 45. Jaza maelezo yako jioni ile ile, kwa sababu kesho yake maneno yake yatakuwa yamegeuka kuwa yako. Pale unaporuhusiwa kurekodi, tenga muda wa saa nne hadi sita kunukuu kila saa moja ya sauti, na zaidi ikiwa ni Sheng. Sheng iache ilivyo kwenye nukuu na uweke maana pembeni. Ukiisafisha, unafuta ushahidi wa mahali alipojifunza.

Baadhi ya mafaili ni mazito, hasa ya ubakaji na mauaji ya watoto. Usiyasome usiku, usiyasome mawili mfululizo, na mwambie msimamizi mapema usingizi ukianza kupotea.

Kuchambua na kuandika

Kwa majedwali, R (programu ya takwimu) ni ya bure na inatosha. Kosa la kawaida ni jaribio la kai mraba (la kupima kama vitu viwili vinahusiana) kwenye visanduku vya jedwali vyenye idadi inayotarajiwa chini ya 5: unganisha makundi kwa sababu inayoeleweka, au tumia jaribio la Fisher. Katika kila jedwali andika chini yake ni lipi kati ya yale matatu ulilopima: kosa lililotendeka, lililoandikwa, au mtu aliyekamatwa. 

Majina yageuze kuwa namba, na ufunguo wa namba hizo uuweke kwenye faili tofauti yenye nywila, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa mwanafunzi. Nakala ya ripoti irudi NACOSTI na kwa taasisi iliyokupokea. Rekodi za sauti zifute tarehe ile uliyoandika kwenye fomu ya ridhaa, pamoja na zile zilizojihifadhi zenyewe kwenye akaunti ya mtandaoni ya simu yako.